Mbwa anapozaa usiku kucha: mwangalie yeye kwanza, saa baadaye

Wanaonipigia simu usiku mbwa wao akiwa na uchungu huanza na neno moja: "Amechelewa." Nami huwauliza kwanza: anasukuma, au amepumzika? Jibu la hapo ndilo linaloamua kama tunamwamsha daktari au tunaweka chai jikoni.

Mbwa hazai kwa ratiba. Mimba huchukua kama siku 63 tangu yai kutoka, lakini ukihesabu kuanzia siku aliyopandwa unaweza kupata 58 au hata 68, na bado hakuna kilichoharibika. Kitu kinachosaidia kuliko kalenda ni kipimajoto. Wiki ya mwisho mpime asubuhi na jioni kupitia njia ya haja kubwa, ncha ikiwa imepakwa mafuta. Kwa kawaida mbwa ana joto la nyuzi 38 hadi 39. Likishuka chini ya 37.2, mara nyingi uchungu huanza ndani ya saa 24. Siku hiyo chaji simu, mpe daktari taarifa, na upatane kabisa na mtu mwenye gari, maana mbwa mwenye uchungu hapandishwi boda.

Sisi wa Busia ya Uganda tunalo jambo la kujipanga mapema zaidi. Madaktari wa mifugo tulio nao huku kazi yao kubwa ni ng'ombe, mbuzi na nguruwe. Muulize wako wiki kadhaa kabla: mbwa akikwama, unaweza kumpasua? Kama hawezi, nani anaweza, Tororo au Mbale? Kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Makerere iko karibu kilomita 200 kutoka hapa, na safari hiyo haianzwi saa nane za usiku bila kujua unakwenda kwa nani. Tena ukiweza kumpiga picha ya eksirei baada ya siku ya 55, utajua idadi ya watoto. Idadi hiyo itakupa usingizi, au itakuamsha kwa wakati.

Uchungu wa mwanzo huwatisha watu bure. Mbwa anahema, anatetemeka, anakwangua sakafu, anakataa chakula, pengine anatapika. Huchukua saa 6 hadi 12, na kwa anayezaa mara ya kwanza unaweza kufika 24. Mwache. Watoto wa ploti wote watataka kuchungulia. Watoe kwa upole, kwa sababu mbwa mwenye hofu anaweza kusimamisha uchungu.

Mbwa wangu Pendo alizaa watatu wakifuatana upesi, kisha kimya. Jirani, mtu mwema kabisa, akanisihi: "Dada, kuna mmoja amekwama, kanunue sindano ya kusukuma." Nilimwekea Pendo mkono ubavuni. Tumbo lilikuwa laini, halikazi. Macho yalikuwa matulivu, watoto wananyonya, na uji vuguvugu aliulamba wote. Huyo alikuwa amepumzika. Kunyonyesha kwenyewe huamsha uchungu, kwa hiyo niliwaacha watoto kwenye chuchu. Baadaye nikamtoa nje kukojoa, nikiwa na kamba, tochi na kitambaa, kwa sababu mtoto anaweza kutokea hapo hapo majanini.

Wa nne alikuja kwa miguu ya nyuma, bado ndani ya kifuko chake, na Pendo hakukipasua. Kwa mbwa kutanguliza miguu ni jambo la kawaida. Nilichana kifuko usoni kwa vidole, nikafuta ute puani na mdomoni, nikamshika kichwa kikiwa kimeinama, nikamsugua mgongoni kwa taulo kavu, kwa nguvu kuliko unavyodhani inafaa. Alikuwa amelegea kama kitambaa kilicholowa. Niliendelea kusugua mpaka mbavu zikavuta, ulimi ukageuka kutoka bluu kuwa waridi, akalia. Usimrushe wala kumzungusha hewani kama wengine wafanyavyo. Ubongo wake huumia.

Ile sindano sikuinunua, na wewe usiichome kwa ushauri wa muuza duka. Mtoto akiwa amekwama, dawa inayobana mji wa uzazi inaweza kuupasua. Ni ya daktari aliyekwisha kumpima.

Sasa, kukwama kunaonekanaje? Anasukuma kwa nguvu nusu saa nzima na hakuna kitu. Au saa mbili zimepita, unajua bado kuna mtoto ndani, na mama anasukuma kidogokidogo bila mafanikio. Akipumzika kwa utulivu anaweza kwenda zaidi ya hapo, lakini zikikaribia saa nne piga simu hata kama anaonekana mzima. Majimaji ya kijani iliyokolea yakitoka kabla ya mtoto wa kwanza, kondo la nyuma limeachia, hakuna kungoja. Yakitoka baada ya wa kwanza, ni kawaida. Mama akilegea mwili mzima, nenda pia. Andika saa ya kila mtoto na kila kondo kwenye daftari, kwa sababu saa kumi alfajiri kichwa hakikumbuki, na daktari atauliza hayo hayo.

Umeme ukikatika, usiingize sigiri ya makaa kwenye chumba kilichofungwa. Hewa yake huua mama, watoto, na wewe. Jaza chupa maji ya moto, zifunge kwa kanga, zipange upande mmoja wa sanduku ili anayeona joto aweze kusogea. Mtoto wa baridi mpashe moto taratibu kwanza, ndipo anyonye.

Na wiki zinazofuata, maziwa yakiwa mengi, mama akianza kutetemeka, kutembea kwa miguu iliyokakamaa na kuhema bila sababu, kalsiamu imemwishia mwilini. Watenge watoto na umpeleke kwa daktari saa hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili.