Pikapu iliyopandishwa ikitetemeka, anza na spidi, spana baadaye

Wewe uliyeanza kazi gereji juzi, hii utakutana nayo mapema. Mteja analeta Hilux au Land Cruiser 79 iliyoongezwa springi nyuma ili ibebe tofali na magunia, ikavishwa tairi kubwa, pengine na shakeli (vishikio vya mwisho wa springi) ndefu ili isimame juu. Neno lake ni moja: "Fundi, ikifika themanini inatetemeka." Ukimdadisi utasikia ameshapita kwa wenzako. Krosi, yaani viungo vya propela (lile bomba linalopeleka mzunguko kutoka gia boksi hadi ekseli ya nyuma), zimebadilishwa, senta beringi inayoishika propela katikati ni mpya, na gari iko vilevile. Pesa imeishia kwenye vipuri kwa sababu hakuna aliyepanda gari kuisikiliza.

Kwa hiyo usikimbilie kulala chini. Panda, mwenye gari aendeshe, wewe utafute jambo moja tu: mtetemo unafuata nini. Mwambie ashike ile spidi inayosumbua akiwa gia ya tano, kisha arudi ya nne bila kubadilisha spidi. Injini itazunguka kwa kasi zaidi. Kama mtetemo haukubadilika, injini na klachi achana nazo. Ugonjwa uko baada ya gia boksi. Halafu, barabara ikiwa imenyooka na haina watu, aweke fri gari iserereke. Mtetemo ukikatika pale nguvu inapoondoka, fikiria pembe za propela, krosi iliyolegea au maunti ya gia boksi. Ukiendelea vilevile, fikiria tairi, rimu na balansi ya propela yenyewe. Na muulize: inatetemeka ikiwa tupu, ikiwa na mzigo, au zote mbili? Swali hili usilisahau, tutalirudia.

Sasa hesabu, ambayo wengi wanairuka. Tairi ya 265/70R16 ina mzingo wa kama mita 2.44. Kilomita 80 kwa saa ni mita 22 kwa sekunde, kwa hiyo tairi inazunguka mara 9 hivi kila sekunde. Difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, ikiwa ya 4.1 (propela mizunguko 4.1 kwa mmoja wa tairi), propela inazunguka mara 37 katika sekunde hiyohiyo. Krosi nayo ina tabia yake: ikifanya kazi kwa pembe, upande wa pili unaongeza mwendo na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko. Ndiyo maana tairi mbovu inatikisa mara 9 kwa sekunde, propela isiyo na balansi mara 37, na pembe mbaya mara 75 hivi. Kuna programu za simu zinazopima mtetemo na kukuonyesha namba hiyo. Ibane simu kwenye reli ya kiti, usiishike mkononi. Bila simu, mwili pia unajua. Mtikisiko wa tairi unakaribia kuweza kuuhesabu, lakini pembe mbaya ni mvumo, sikio linaupata kabla ya makalio.

Namba ikiangukia kwenye tairi, kabla ya kwenda kulipia balansi osha ndani ya rimu. Wakati wa mvua, udongo mweusi wa mfinyanzi unaingia ndani ya rimu, unakauka upande mmoja na kuwa mgumu kama saruji, na hakuna anayeuona mpaka tairi itolewe. Angalia pia rimu za kununua: tundu la katikati likiwa kubwa kuliko habu (kitovu ambacho rimu inavikwa), rimu inashikwa na nati peke yake, na ukiikaza gari ikiwa imelalia tairi hiyo inakaa upande. Kaza nati kwa kuvuka, moja kisha ya upande wa pili, tairi ikiwa hewani, ndipo ushushe.

Namba ya propela: itazame yote kwa tochi. Tafuta mbonyeo wa kugongwa na jiwe, kibati cha balansi kilichong'oka ukaona alama tupu ya kuchomelea, lami iliyogandia. Kwenye krosi tafuta vumbi jekundu la kutu kuzunguka vikombe. Hilo ni beringi zilizokauka grisi. Na kabla ya kufungua chochote piga alama ya rangi, kwenye flenji (sahani ya kufungia bolti) na pale propela inapochomekana kwa meno. Ukirudisha meno kwa kukosea, yoki (uma zinazoshika krosi) za mbele na nyuma hazikai sambamba tena, na umetengeneza ugonjwa ambao gari haikuja nao.

Pembe ndiyo kesi yenyewe ya gari zilizopandishwa. Pima gari ikiwa imekaa kwenye tairi zake, mahali tambarare. Ukiipima ekseli ikiwa inaning'inia kwenye lifti, namba zote ni za uongo. Chukua mteremko wa transfa (boksi la kugawa nguvu mbele na nyuma) inapotokea propela, wa propela yenyewe, na wa pua ya difu, pale propela inapoingia. Tuseme transfa inashuka kuelekea nyuma kwa digrii 3, propela inashuka 9, na pua ya difu imeinuka digrii 1. Krosi ya mbele inafanya kazi kwa digrii 6, ya nyuma kwa 8. Zikilingana, ule mwendo wa kuongeza na kupunguza wa mbele unafutwa na wa nyuma. Zikipishana zaidi ya digrii moja, mvumo unabaki.

Dawa ni kabari ya chuma kati ya springi na ekseli. Springi ikiwa juu ya ekseli, upande mnene wa kabari ukikaa nyuma pua ya difu inainuka. Kwenye mfano wetu tungetaka kuinua digrii 2, lakini mimi ningeweka 1 tu, kwa sababu ukikanyaga mafuta springi inajipinda na pua inapanda yenyewe. Kabari za aluminiamu sizipendi, zinasagika. Haya yote ni kwa propela ya krosi mbili. Yenye krosi pacha (mbili zilizounganishwa pamoja) upande wa transfa ina hesabu nyingine, pale pua ya difu inaelekezwa moja kwa moja kwenye propela.

Hata hivyo digrii 6 kwa 6 ni nyingi. Kwa mwendo wa barabarani krosi inapenda digrii 3 au pungufu, ila isiwe sifuri, maana beringi zake zisipozunguka zinakula mahali pamoja. Hapa ndipo swali la mzigo linarudi. Springi ya ziada inainua gari ikiwa tupu, ikipakiwa inashuka na pembe zinapoa. Mteja anayesema "nikipakia inatulia" ameshakupa jibu, na mweleze wazi kwamba kupunguza jani moja la springi kutamsaidia kuliko vipuri vyovyote.

Ikitetemeka tu wakati wa kuondoka, kilomita 10 hadi 30 kwa saa, hasa mlimani, na propela yake ni ya vipande viwili, tazama senta beringi. Siyo lazima iwe imekufa. Ekseli ikishuka chini ya bodi, pembe ya krosi ya katikati inabadilika. Spesa ndogo ya kuishusha beringi inamaliza, ukishapima.

Gari za watalii zilizorefushwa chesesi Arusha zina jambo lao. Bomba la propela likirefushwa kwa asilimia 20, mwendo ambao linaanza kujipinda katikati unashuka kwa asilimia kama 30. Likishaanza, balansi haisaidii: weka senta beringi au bomba lenye kipenyo kikubwa zaidi.

Ukimaliza, rudi barabarani kwa spidi ileile, tupu na ikiwa na mzigo wake wa kawaida. Kama umegusa springi, mteja arudi baada ya kilomita mia chache ukaze yu-bolti tena, kwani kabari mpya hujikalisha na nati zikalegea.