Maswali ya Imani: Mfano wa Maji, Ubatizo wa Pili, na Paulo Dhidi ya Yakobo

Mwalimu wetu wa Shule ya Jumapili hufundisha Utatu kwa barafu, maji na mvuke. Ni sahihi?

Nia ni njema, fundisho si sahihi. Barafu ikiyeyuka haiwi barafu tena. Mtoto atatoka darasani na Mungu mmoja anayebadili sura: leo Baba, kesho Mwana, keshokutwa Roho. Sabellius alihubiri jambo la namna hiyo Roma mwanzoni mwa karne ya 3, na Kanisa likalikataa. Soma Mathayo 3:16-17: Mwana anapanda kutoka majini, Roho anashuka kama hua, Baba anasema kutoka mbinguni, yote kwa wakati mmoja. Mfano wa yai (ganda, ute na kiini) nao unakosea upande wa pili. Ganda peke yake si yai, lakini Mwana ni Mungu kamili, wala si theluthi ya Mungu.

Watoto wapewe kauli tatu, wazikariri. Mungu ni mmoja (Kumbukumbu la Torati 6:4). Baba ni Mungu, Mwana ni Mungu, Roho Mtakatifu ni Mungu. Baba si Mwana, wala Mwana si Roho. Hapo mwalimu anyamaze. Mifano ndiyo inayoharibu.

Yesu alisema "Baba ni mkuu kuliko mimi" (Yohana 14:28). Tunawezaje kusema wako sawa?

Aya hiyo ilipendwa sana na wafuasi wa Arius, padre wa Aleksandria aliyefundisha kwamba Mwana ni kiumbe, wa kwanza na bora, lakini kiumbe. Mwaka 325 maaskofu walikutana Nikea kwa mwito wa Kaisari Konstantino, wakamkatalia. Ndiyo maana Kanuni ya Imani inasema "aliyezaliwa bila kuumbwa". Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Kalkedonia, mwaka 451, ukaeleza upande wa pili: Kristo ni nafsi moja yenye asili mbili, Mungu kweli na mtu kweli, bila asili hizo kuchanganyika wala kutengana.

Kwa hiyo ukikuta aya inayomshusha, jiuliza kwanza inamsema kwa asili ipi. Wafilipi 2:6-7 inataja zote mbili: yuna namna ya Mungu, akatwaa namna ya mtumwa. Katika Marko 4 analala chomboni kwa uchovu, kisha anaukemea upepo unatulia. Aliyelala ndiye aliyekemea. Wengi huteleza hapa wakidhani ni nusu Mungu, nusu mtu.

Wanaosema Mwana ni kiumbe wakikuletea na "mzaliwa wa kwanza wa viumbe vyote" (Wakolosai 1:15), wafungulie Zaburi 89:27. Daudi anaitwa mzaliwa wa kwanza, na alikuwa kitinda mimba wa Yese. Ni cheo. Tena aya ya 16 inasema vitu vyote viliumbwa katika Kristo.

Nilibatizwa mchanga kwa kumwagiwa maji. Kanisa ninalohamia linataka nizamishwe. Je, ule wa kwanza ni batili?

Inategemea unaamini ubatizo ni nini. Wakatoliki, Waorthodoksi, Waanglikana na Walutheri hubatiza watoto na hawaurudii ubatizo, kwa kuwa Waefeso 4:5 inataja ubatizo mmoja. Wabaptisti, Wapentekoste na Waadventista husubiri mtu akiri imani mwenyewe, kisha humzamisha. Kwao hurudii kitu. Wanaona hujabatizwa bado. Usikubali tu ili upate ushirika. Amua kwanza kuhusu fundisho lenyewe.

Kuhusu wingi wa maji, Didakhe, mwongozo wa Wakristo wa mwanzo kabisa, unaelekeza hivi: tumia maji yanayotiririka, yasipopatikana, tumia mengine, yakiwa haba, mimina kichwani mara tatu kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu.

Makanisa yanayobatiza watoto huangalia mambo matatu: maji halisi, maneno, na nia ya kufanya lifanywalo na Kanisa. Maneno ndiyo huharibika mara nyingi. Mwaka 2020 Vatikani ilitamka kwamba ubatizo wa "sisi tunakubatiza", badala ya "nakubatiza", ni batili, na waliobatizwa hivyo wabatizwe. Kinyume chake, ulevi wa padre haubatilishi chochote. Hilo Augustino wa Hippo aliwajibu zamani Wadonati wa Afrika Kaskazini, Wakristo waliodai ubatizo wa mhudumu asiyestahili ni batili.

Mtoto akiwa mahututi, Kanisa Katoliki linamruhusu mtu yeyote kumbatiza, hata mkunga asiye Mkristo, mradi awe na nia hiyo. Mimina maji kichwani mara tatu ukisema: "(Jina), nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Kisha toa taarifa parokiani ili jina liandikwe.

Paulo anasema tunahesabiwa haki kwa imani, Yakobo anasema si kwa imani peke yake. Tumfuate nani?

Wote wawili, ila angalia kila mmoja anamshika Abrahamu wapi. Paulo (Warumi 4) anasimama kwenye Mwanzo 15:6: Abrahamu aliamini, akahesabiwa haki, kabla ya kutahiriwa katika sura ya 17. Hoja yake ni kwamba hakuna anayenunua kibali cha Mungu kwa sheria. Yakobo (2:21) anaruka hadi Mwanzo 22, Isaka akiwa madhabahuni, miaka mingi baadaye. Anawajibu watu wanaomwambia maskini "enendeni mkaote moto" bila kumpa kitu, na imani ya namna hiyo hata mashetani wanayo. Walutheri na Wakatoliki waligombana juu ya jambo hili tangu karne ya 16. Tarehe 31 Oktoba 1999 walitia saini tamko la pamoja huko Augsburg, ingawa tofauti fulani zimebaki.

Mwili ukichomwa moto, utafufukaje?

Kama utakavyofufuka wa aliyeliwa na samaki. 1 Wakorintho 15 inahusu uweza wa Mungu, si hali ya masalia. Kanisa Katoliki liliruhusu kuchoma maiti mwaka 1963, mradi isiwe kwa kuukana ufufuo. Majivu yahifadhiwe mahali patakatifu, kama makaburini. Kuyatawanya baharini hairuhusiwi.