Kumshawishi mhafidhina kuhusu mashoga jeshini

Mimi ni mhafidhina, nimevaa magwanda ya jeshi la Marekani, na naamini askari shoga anapaswa kutumika bila kujificha. Watu huniuliza mambo hayo matatu yanakaaje kwenye kichwa kimoja. Yanakaa vizuri tu. Kisheria suala hili liliisha tarehe 20 Septemba 2011, ilipokoma sera ya "Usiulize, Usiseme", iliyomruhusu shoga kutumika jeshini mradi afiche kwamba ni shoga, lakini wahafidhina wenzangu wakikutana bado linazuka. Nimeshabishana nao vya kutosha kujua ni hoja ipi wanaisikiliza.

Hotuba ya haki za binadamu iweke pembeni kwanza. Siyo kwamba haina ukweli, ila mwenzako ameshaisikia na majibu anayo mfukoni. Anza na uaminifu. Kuruta hufundishwa tangu siku za mwanzo kwamba askari hasemi uongo, hata kuhusu soksi iliyopotea. Halafu sera iliyodumu zaidi ya miaka 17 ikamtaka askari huyohuyo afiche anaishi na nani. Admirali Mike Mullen, aliyekuwa mwenyekiti wa wakuu wa majeshi, aliiambia Seneti Februari 2010 kwamba kinachomkera ni vijana kulazimika kudanganya kuhusu wao ni nani ili wawatetee raia wenzao. Na Mullen si mwanaharakati.

Nakumbuka siku kikosi chetu kiliporudi kutoka vitani. Hanga lilijaa wake, waume, watoto na mabango ya kuchorwa kwa mkono. Sajenti mmoja, fundi wa magari ambaye kila dereva alimtaka kwenye msafara wake, alitupa mkono, akabeba begi lake, akajipenyeza katikati ya watu waliokuwa wanakumbatiana hadi maegesho ya nyuma. Kule kulikuwa na gari linamsubiri, injini inanguruma. Tulijua ni nani yuko ndani, na hakuna aliyeuliza. Mwenzako anayesifu ndoa na familia kila Jumapili muulize sera ile ililinda familia gani.

Ukihamia kwenye pesa, usiwe mvivu wa tarakimu. Wakaguzi wa serikali walikadiria kwamba kuwaondoa askari 3,664 kati ya 2004 na 2009 na kuwafundisha wa kuziba nafasi zao kuligharimu takriban dola milioni 193. Karibu wanne katika kila kumi walikuwa na ujuzi au lugha ambayo jeshi lenyewe liliihesabu kuwa muhimu. Wakalimani wa Kiarabu walirudishwa nyumbani huku vita vya Iraq vinaendelea! Mtu anayelalamikia matumizi ya serikali hawezi kulipita hilo.

Kwa wazee, mtaje Barry Goldwater, mgombea urais wa Republican wa 1964, ambaye mwaka 1993 aliandika gazetini akitaka marufuku iondolewe. Kwa vijana, waambie maseneta wanane wa Republican walikuwa miongoni mwa 65 waliopiga kura ya kuifuta sera hiyo Desemba 2010.

Hoja ya mabafu, kwamba askari hawatataka kuoga pamoja na shoga, itakuja tu. Usicheke. Jibu lake ni fupi: mashoga walikuwa wanaoga humo siku zote, na atakayemsumbua mwenzake, awe nani, ana kosa la kinidhamu. Uingereza iliruhusu tangu Januari 2000 na jeshi lake halikusambaratika. Kwa anayehofia mshikamano wa kikosi, mimi hupenda kumtaja Jenerali James Amos, aliyekuwa mkuu wa kikosi cha Marine cha Marekani wakati huo. Alipinga hadharani sera ile kufutwa kabla ya kura, na sheria ilipopita akawaagiza askari wake waitekeleze, wakaitekeleza. Kwangu huo ndio uhafidhina wenyewe.

Kwenye imani nenda polepole, na wala usijaribu kumfundisha mtu kitabu chake kitakatifu. Mwambie tu kwamba kasisi wa jeshi hakulazimishwa kubadili mafundisho yake, na hakuna askari aliyeamriwa kuafiki maisha ya mwenzake. Wengi huniambia, "Basi mimi sijali, mradi afanye kazi." Wakifika hapo mimi hunyamaza, tukahamia kwenye mambo mengine.