Mechi tatu za Kevin O'Brien

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza mbona Kevin O'Brien wa Ayalandi anahesabiwa miongoni mwa vigogo wa kriketi, ilhali rekodi yake ina mechi tatu tu za Testi, zile za siku tano. Chukua kalenda, mwanangu, ndiyo yenye jibu.

Alianza kuichezea nchi yake mechi za siku moja Juni 2006, Belfast, dhidi ya Uingereza, na mpira wa kwanza aliorusha ukamtoa mpigaji wao Andrew Strauss. Lakini Ayalandi ilipewa hadhi ya Testi, yaani ruhusa ya kucheza mechi hizo, Juni 2017, miaka 11 baadaye. Tangu hapo hadi alipostaafu Agosti 2022, ilicheza Testi tatu tu: na Pakistan huko Malahide Mei 2018, na Afghanistan huko Dehradun, India, Machi 2019, na Uingereza uwanjani Lord's, London, Julai 2019. Alicheza zote tatu.

Sasa piga hesabu. Katika zamu zake sita za kupiga alipata mikimbio (ndiyo pointi za kriketi) 40, 118, 12, 56, 28 na 4, jumla 258. Wengi hugawa kwa sita wakapata 43, na hapo ndipo wanapokosea. Wastani hugawanywa kwa idadi ya mara alizotolewa, na zile 28 za Lord's alibaki bila kutolewa. Gawa kwa tano, unapata 51.60. Ila usiulinganishe wastani huo na wa mtu aliyecheza Testi mia. Zamu sita ni chache mno.

Zamu ya kutazama kwa makini ni ile ya 118. Kule Malahide, Ayalandi, Pakistan walikuwa na 310, Ayalandi wakatolewa kwa 130, wakalazimishwa kupiga tena papo hapo wakiwa nyuma kwa 180. O'Brien alikaa mipira 217. Hiyo ndiyo mia ya kwanza, yaani zamu ya mikimbio 100 au zaidi, ya Ayalandi katika Testi. Siku ya tano asubuhi alitolewa na mpira wa kwanza aliokabiliwa nao, na Pakistan wakashinda kwa wiketi tano, yaani wakiwa wamebakiwa na wapigaji watano wa kutolewa.

Weka kando yake ile ya Bangalore, India, tarehe 2 Machi 2011, Kombe la Dunia. Uingereza walikuwa na 327, Ayalandi wako 111 na watano wameshatoka. Ova, yaani mafungu ya mipira sita sita, zilikuwa zinakwisha, kwa hiyo kukaa tu kusingefaa kitu. Aliusogeza pembeni mguu wa mbele ili mikono ipate nafasi, akafika mia kwa mipira 50, rekodi ya Kombe la Dunia wakati huo. Alex Cusack alimshikia upande wa pili na wakaongeza 162 pamoja. Bila Cusack sidhani kama ushindi ungepatikana. O'Brien alitoka na 113 za mipira 63, akikimbilia mkimbio wa pili, na John Mooney akamaliza kazi mipira mitano ikiwa imebaki.

Mtu yuleyule, mipira 217 huku, 63 kule. Ukiongeza 124 alizopiga dhidi ya Hong Kong huko Al Amerat, Oman, Oktoba 2019, katika mechi ya ova 20, anakuwa Mwayalandi wa kwanza mwenye mia katika aina zote tatu za mchezo.

Wasalimie wenzako hapo.

Baba yako