Okidi iliyoungua barazani: namna ya kuizoesha mwanga wa nje

Swali: Bwana shamba, shikamoo. Nina okidi mbili nilizozinunua zikiwa na maua, nami nikazikalisha sebuleni nyuma ya pazia kwa miezi mitano. Maua yalipopukutika mwishoni mwa Septemba nilizitoa nje ili zipate hewa, kwenye baraza la nyumba yangu hapa Dar es Salaam, linalotazama magharibi. Baada ya siku nne, ile yenye majani mapana ilitokwa na mabaka meupe kama karatasi, ambayo sasa yamekuwa ya kahawia, ingawa nimeizidishia maji. Ya pili, yenye mashina marefu kama ya muwa, imedondosha majani mawili tu. Je, huu ni ugonjwa, na nizirudishe ndani?

Jibu: Marahaba. Kwa maelezo yako, okidi hiyo imeungua na jua, haiumwi. Ili ujiridhishe, bonyeza baka kwa kidole: lililoungua huwa kavu, lina mpaka ulio wazi na haliongezeki, ilhali uozo wa bakteria huwa laini na wenye majimaji, mara nyingi hunuka, na huenea katika siku chache. Jani lenyewe usilikate, kwa kuwa sehemu iliyobaki kijani bado inaulisha mmea.

Okidi hiyo ya majani mapana bila shaka ni Phalaenopsis, ambayo jamaa zake wa porini huota juu ya miti katika misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, chini ya kivuli cha matawi. Mwanga wa laksi (kipimo cha ukali wa mwanga) 10,000 hadi 15,000 huitosha, wakati jua la adhuhuri lisilo na wingu hufikia laksi 100,000 hivi. Tena mmea huu hufunga stomata zake, yaani vitundu vidogo vya majani vya kupitishia hewa na mvuke, mchana na kuzifungua usiku, kwa hiyo jua linapoupiga jioni hauwezi kujipoza kwa kutoa mvuke kama ufanyavyo mgomba. Ndiyo maana maji uliyoongeza hayakuokoa majani, na ukiendelea nayo utaozesha mizizi. Subiri mpaka mizizi inayoonekana iwe na rangi ya fedha ndipo umwagilie. Ikiwa bado ya kijani, maji yapo.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kudhani kwamba wiki mbili zinatosha kuizoesha okidi mwanga wa nje. Jani lililokomaa kivulini linaweza kujirekebisha kidogo tu, kwa sababu unene na muundo wake uliamuliwa lilipokuwa likikua. Linalozoea hasa ni jani jipya litakaloota katika mwanga mpya, na Phalaenopsis hutoa majani machache sana kwa mwaka. Kwa hiyo usiirudishe ndani, bali ihamishie upande wa mashariki wa nyumba, mahali penye mwanga ambapo jua lenyewe halifiki. Ikae hapo wiki mbili, kisha uisogeze ipate jua la asubuhi kwa nusu saa, ukiongeza polepole, na isipitishwe saa tatu asubuhi. Kila unaposogeza, gusa jani baada ya muda: likiwa la moto mkononi kuliko hewa iliyopo, umeharakisha. Kama huna upande wa mashariki, tundika neti ya kivuli inayozuia asilimia 70 ya mwanga.

Angalia pia majira, jambo ambalo maelekezo ya Ulaya hayatakusaidia, kwani huko jua la mchana huwa kusini mwaka mzima. Dar es Salaam jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba; mwezi Juni huegemea kaskazini, na Desemba huegemea kusini. Kona ya kusini iliyokuwa na kivuli Julai yote inaweza kupigwa na jua la mchana sikukuu ya Krismasi, bila wewe kuhamisha chungu hata hatua moja.

Ile ya mashina ya muwa inaelekea kuwa Dendrobium, na kudondosha majani machache ya zamani si jambo la kukutia hofu. Izoeshe kwa njia hiyohiyo, ila hiyo unaweza kuifikisha jua la saa nne asubuhi. Majani yakiwa ya kijani kilichoiva sana, inahitaji mwanga zaidi. Yakielekea umanjano, umezidisha.

Vuli ikianza, Phalaenopsis isinyeshewe. Kwenye mti huota ikiwa imeinama, maji yakadondoka yenyewe, lakini chunguni kitovu chake hutazama juu kama kikombe, na maji yakilala humo usiku kucha moyo wa mmea huoza. Egemeza chungu upande mmoja, na ukikuta maji katikati ya majani, yakaushe kwa ncha ya kitambaa kabla jua halijazama.