Re: Udhamini wa Kaufman, nitaupata bila programu ya kulipia?

Mdogo wangu, unawezekana, ila elewa kwanza unaomba nini. Udhamini wa Larry Kaufman humsaidia mwanafunzi kuhudhuria mkutano wa kila mwaka wa CALPHAD (fani ya kupiga hesabu, kwa kompyuta, ya fezi, yaani sehemu zenye muundo wake zinazojitokeza ndani ya aloi, mchanganyiko wa metali), ule ulioanza 1973. Si karo ya shahada. Na tuzo ya Gibbs Triangle uliyoitaja iwache kabisa, hiyo ni ya wataalamu waliokwisha kuzeeka kwenye fani.

Kwa hivyo kabla ya fomu, uwe na kazi ya kuonyesha. Programu ya hesabu hizo isikutie hofu: OpenCalphad na pycalphad ni za bure, na Thermo-Calc wana toleo la wanafunzi, lisilolipiwa, linaloishia elementi tatu. Kwa kuanzia zatosha sana.

Mada nayo usiende kuitafuta Ulaya ilhali bandari ya Kilindini iko mlangoni. Chukua aloi ya alumini na magnesi ya mabodi ya boti, mfano 5083, yenye magnesi asilimia 4 hadi 4.9. Magnesi ikipita kama asilimia 3, na aloi yenyewe ikikaa muda mrefu kwenye joto la nyuzi 65 kwenda juu, hujitenga fezi ya beta, Al3Mg2, kwenye mipaka ya chembe za metali hiyo. Maji ya chumvi huila hiyo kwanza, kisha nyufa zikafuata. Piga hesabu ya fezi hiyo kwa viwango tofauti vya joto na magnesi, uchore michoro yako, halafu mwonyeshe msimamizi wako. Barua yake ya mapendekezo itakuwa na la kusema.