Jibu: Litografia ya Bernard Buffet uliyorithi
Dada, umeuliza kama picha ya mchekeshaji wa sarakasi uliyoachiwa na shangazi, yenye sahihi ya mchoraji Mfaransa Bernard Buffet na namba 87/150 (nakala ya 87 kati ya 150), ina thamani. Usiiuze haraka. Chukua kioo cha kukuza. Ukiona vitone vilivyojipanga sawasawa, hiyo ni chapa ya mashine tu. Litografia halisi, yaani chapa ya mchoro uliochorwa kwenye jiwe au bamba, huonyesha chembechembe zisizo na mpangilio, kama mkaa uliopitishwa kwenye karatasi yenye mikwaruzo. Sahihi nayo iwe ya penseli, inayong'aa kidogo ukiinamisha karatasi. Mchapaji Charles Sorlier aliziorodhesha litografia za Buffet, kwa hiyo linganisha vipimo vya picha yako na idadi ya nakala zake na vilivyo kwenye orodha hiyo. Na tafadhali, usikate pambizo ili ienee kwenye fremu! Hapo thamani hushuka vibaya.

Mimi Buffet nampenda kweli. Mwaka 1948, akiwa na umri wa miaka 20 hivi, alishinda Prix de la Critique, tuzo ya wakosoaji wa sanaa, pamoja na mchoraji Bernard Lorjou. Tazama ile mistari yake myeusi, mikavu kama miiba: ndani yake naiona Ufaransa iliyotoka vitani na njaa. Picha zake za mafuta za miaka hiyo ya mwanzo ndizo zinazonigusa zaidi.